Ulimwengu Ulio Wazi na Matarajio ya Mchezaji

Ubao wa bao una mashimo 32, na kete zake ni 64. Mchezaji aketiye mbele yake hushinda au hushindwa ndani ya mashimo hayo, wala halalamiki kwamba ubao hauna mto wa kuvuka au mlango wa kubisha. Mchezo huo haukumwahidi mto wala mlango. Ulimwahidi kanuni, na kanuni hizo huzitimiza tangu kete ya kwanza hata ya mwisho. Kwa sababu hiyo bao laweza kuchezwa na vizazi vingi lisimwache mtu hata mmoja na manung'uniko ya kudanganywa.

Katika miaka hamsini hivi iliyopita imezaliwa aina nyingine ya mchezo ambayo mambo yake ni kinyume cha hayo. Huchezwa kwa kompyuta. Mchezaji hupewa mhusika wa kumwendesha na nchi nzima yenye milima, miji na watu, kisha huachiwa aende atakako. Michezo ya namna hii hununuliwa na mamilioni ya watu na husifiwa sana, lakini pia hulaumiwa kwa uchungu usio wa kawaida. Mchezo mmoja waweza kuwa na saa mia za mambo mazuri, na bado mchezaji akasema amevunjwa moyo kwa sababu mlango mmoja haukufunguka. Makala haya yanakusudia kueleza matarajio hayo hutoka wapi, kwa nini hukua kila utokapo mchezo mkubwa, na ni nani hulipa gharama yake.

Maana ya maneno

Kiswahili kina maneno matatu yaliyo jirani ambayo yafaa yatenganishwe kabla ya kuendelea: tamaa, tumaini na tarajio. Yote matatu yametoka katika Kiarabu, na yote huelekea jambo ambalo bado halijawapo. Lakini hayako sawa. Tamaa haihitaji sababu. Mtu aweza kuutamani mwezi. Tumaini hukaa juu ya imani. Shina lake la Kiarabu lina maana ya utulivu wa moyo, na mgonjwa hutumaini kupona hata kama hakuna dalili ya nafuu. Tarajio huhitaji dalili. Mkulima aliyeona mawingu mazito hutarajia mvua. Basi mtu akikosa alichokitamani husikitika, bali akikosa alichokitarajia huona amekosewa.

Tofauti hii si ndogo. Mara nyingi watu wasemao juu ya michezo ya kompyuta huwahukumu wachezaji kwa tamaa: wanataka vikubwa, hawashibi, hawana shukurani. Hukumu hiyo ingekuwa ya haki kama wachezaji wangekuwa wameyazua matakwa yao wenyewe. Lakini mtu akifuata historia ya michezo hii hatua kwa hatua, huona kwamba dalili zilitolewa na michezo yenyewe. Ugonjwa wa mchezaji, kama ni ugonjwa, si tamaa. Ni matarajio, na matarajio yana mwalimu.

Kuna majina mawili zaidi ya kueleza. Mchezo wa kuigiza nafsi ni ule ambao mchezaji huchukua nafsi ya mtu mwingine, akachagua tabia yake, ustadi wake na maamuzi yake, na hadithi ikamfuata kwa kadiri ya uchaguzi huo. Ulimwengu wazi ni nchi ya mchezo isiyogawanywa katika vyumba vya kupitia kwa zamu. Mchezaji huweza kwenda kaskazini kabla ya kusini, au asiende kokote akavua samaki. Mambo haya mawili yakiunganishwa huzaa ahadi kubwa kuliko jumla yake, kwa kuwa la kwanza husema, "Uwe umtakaye," na la pili husema, "Nenda utakako."

Mwalimu wa kwanza

Mchezo wa kuigiza nafsi haukuzaliwa ndani ya kompyuta. Ulizaliwa mezani, mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa huko Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Vifaa vyake vilikuwa vitabu vya kanuni, karatasi na dadu. Lakini kiungo chake kikuu kilikuwa mtu: mwamuzi aliyeketi na wachezaji, akawasimulia wanachokiona, akawasikiliza wanachotaka kutenda, kisha akawajibu. Mchezaji aliweza kusema kwamba hamwui yule mlinzi bali anamwuliza habari za watoto wake. Kanuni hazikuwa na sura ya watoto wa mlinzi, lakini mwamuzi alikuwa na ulimi. Papo hapo mlinzi alipata watoto wawili, mmoja wao mgonjwa, na hadithi ikageuka njia.

Hapa ndipo penye chimbuko la jambo lote. Kilichowafunga watu katika mchezo ule hakikuwa ukubwa wa nchi, maana nchi ilikuwa penseli na karatasi. Kilikuwa jawabu. Kila swali lilipata jawabu, na jawabu lililingana na swali. Yeyote aliyewahi kuketi mbele ya msimulizi hodari wa ngano anajua ladha hiyo: hadhira huitikia, msimulizi huiona, naye hurefusha hapa na kufupisha pale kwa kadiri ya nyuso zilizo mbele yake.

Kompyuta ilipoupokea mchezo huu, iliurithi pamoja na ahadi yake, lakini haikurithi ulimi wa mwamuzi. Programu hujibu yale tu ambayo mtu ameiandalia, na lisiloandaliwa hujibiwa kwa kimya. Tangu siku hiyo kazi ya watengenezaji imekuwa ni kupunguza kimya hicho, na kila wanapokipunguza huwafundisha wachezaji kuuliza zaidi.

Mkate wa Britannia

Mfano mmoja mdogo watosha kuonyesha somo hilo hufundishwaje. Richard Garriott, Mmarekani aliyeanza mfululizo wa michezo ya Ultima mwaka 1981, aliongeza uhai wa nchi yake ya kubuni kidogo kidogo. Katika Ultima V ya mwaka 1988 watu wa mjini walipewa ratiba za siku: waliamka, wakaenda kazini, wakala, wakalala. Katika Ultima VII ya mwaka 1992 mchezaji aliweza kuchukua unga, akauchanganya na maji, akapata kinyunga, akakitia tanurini, na mkate ukaiva.

Mkate ule haukuwa na faida kubwa katika hadithi. Mchezaji angeweza kuumaliza mchezo wote bila kuoka hata mmoja. Hata hivyo watu waliucheza mchezo wakausahau mwisho wake, na mkate wakaukumbuka. Sababu ni kwamba mkate uliwaambia jambo juu ya ulimwengu mzima. Kama unga ni unga kweli, basi huenda ndoo ni ndoo kweli, na mlango ni mlango, na mtu aliyelala akiamshwa atakasirika. Kitu kimoja kilichojibu kilifanywa kuwa shahidi wa vitu vyote ambavyo bado havijaguswa. Wahenga walisema mwonja asali haonji mara moja. Aliyeoka mkate mwaka 1992, alipoingia mchezo mwingine mwaka uliofuata, alikwenda kwanza kuligusa tanuri; na tanuri lilipokuwa picha tu ukutani, aliona upungufu ambao jana yake asingeuona.

Upana na kina

Kuna njia mbili za kuufanya ulimwengu uonekane mkubwa. Ya kwanza ni kuupanua, ya pili ni kuuchimba. Upana ni rahisi kwa kompyuta, kwa kuwa kanuni ya hesabu yaweza kuzaa nchi zisizo na hesabu. Kina ni kigumu, kwa kuwa huhitaji mtu aketi na kufikiri.

Nguvu ya njia ya kwanza ilionekana mapema. Mwaka 1984 vijana wawili wa Uingereza, David Braben na Ian Bell, walitoa mchezo wa safari za angani uitwao Elite. Kompyuta waliyoitumia ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu, lakini mchezo ulikuwa na makundi 8 ya nyota, na kila kundi nyota 256. Nyota hizo 2,048 hazikuandikwa moja moja. Zilizaliwa na kanuni. Wenyewe walikuwa wamekusudia makundi mengi mno kuliko hayo, wakashauriwa na mchapishaji wao wayapunguze. Ushauri ule ulikuwa na hekima, kwa maana wingi uliopita kiasi ungeifichua kanuni: msafiri angeona kwamba nyota ya elfu ni dada wa nyota ya kumi.

Mwaka 1996 kampuni ya Bethesda ilitoa Daggerfall, mchezo wa pili katika mfululizo wa The Elder Scrolls. Nchi yake ililinganishwa na kisiwa cha Uingereza kwa ukubwa, nayo ilikuwa na miji, vijiji na mapango zaidi ya 15,000. Mchezaji aliweza kutembea siku nzima asifike mwisho. Lakini baada ya mji wa ishirini aliutambua mji wa ishirini na moja kabla hajaingia, na watu wa barabarani walimjibu maneno yale yale.

Watengenezaji walijifunza. Mchezo uliofuata, Morrowind wa mwaka 2002, uliacha upana ukashika kina. Badala ya nchi kubwa kulikuwa na kisiwa kimoja kidogo, lakini vijiji na mapango yake yalipangwa kwa mikono ya watu. Kwa kipimo cha ramani ulimwengu ulikuwa umepungua mno, lakini kwa kipimo cha mchezaji ulikuwa umekua. Tukio hili ni la kukumbukwa na kila asemaye kwamba wachezaji hutaka ukubwa tu. Kilomita zilipunguzwa, majawabu yakaongezwa, na wachezaji wakapokea kwa shangwe.

Neno lililoandikwa na neno lililosemwa

Morrowind una funzo jingine ambalo litawagusa wanafunzi wa lugha. Sehemu kubwa ya mazungumzo yake iliandikwa, haikusemwa. Mtu akiulizwa njia ya kaburi fulani alijibu kwa maandishi: fuata mto kwenda mashariki, vuka daraja, geuka penye mwamba uliopasuka. Hapakuwa na mshale wa kumwelekeza mchezaji. Ilimpasa asome, aelewe, atazame nchi, kisha aamue kama mwamba ule ndio huo. Kwa kuwa neno lililoandikwa ni rahisi kuongezwa, watu wa kisiwa kile waliweza kuwa na mengi ya kusema juu ya dini zao, koo zao na ugomvi wao.

Mchezo uliofuata, Oblivion wa mwaka 2006, uliwapa watu wote sauti. Pia uliwapa ratiba za siku na programu ya kuwaamulia baadhi ya matendo yao, na ukampa mchezaji mshale wa kumfikisha kila aendako. Mambo haya yalisifiwa, na kwa haki. Lakini sauti ina bei. Kila sentensi ilihitaji mwigizaji, chumba cha kurekodia na nafasi ya kuhifadhiwa. Basi sentensi zikapungua, na sauti chache zikagawiwa watu wengi sana. Mchezaji alisikia mwombaji na tajiri wakitumia koo moja.

Hapa panaonekana sheria ngumu ya sanaa hii. Kila hatua ya kuufanya ulimwengu ufanane zaidi na kweli huongeza bei ya kila jawabu, na papo hapo huongeza idadi ya maswali. Mtu aliyechorwa kwa nukta chache haulizwi mengi, kwa kuwa sura yake yenyewe husema kwamba yeye ni ishara tu. Mtu mwenye uso, pumzi, sauti na macho yanayomfuata mgeni huulizwa kila kitu. Uzuri wa picha nao ni ahadi, hata kama mtengenezaji hakuikusudia.

Kipimo kinavyopanda

Mwaka 2011 ulitoka Skyrim. Todd Howard, aliyekuwa mkuu wa kazi hiyo, alipouonyesha kabla ya kutolewa alieleza kwamba milima ionekanayo kwa mbali si pazia, bali mchezaji aweza kuifikia na kuipanda hata kileleni. Ahadi hiyo ilitimizwa, na kwa kuwa ilitimizwa ikawa sheria kwa wengine. Tangu siku hiyo mlima usiopandika katika mchezo wa ulimwengu wazi umekuwa kasoro. Hadi mwaka 2023 Skyrim ulikuwa umeuzwa nakala zaidi ya milioni 60, na kila nakala ilifundisha somo lile lile.

Somo la pili lilitoka Polandi. Mwaka 2015 studio ya CD Projekt Red ya Warsaw ilitoa The Witcher 3, uliojengwa juu ya vitabu vya Andrzej Sapkowski. Kabla yake ilikuwa desturi kwamba hadithi kuu hutunzwa, na shughuli ndogo za pembeni huwa za kubeba barua na kuua mbwamwitu. Katika mchezo huu shughuli nyingi za pembeni ziliandikwa kwa uangalifu ule ule. Mchezaji hukutana na kabaila mlevi aliyepotelewa na mke na binti. Huanza kwa kumhurumia, kisha hujua kwamba huyo kabaila alikuwa akimpiga mkewe, kisha hulazimika kuamua pale ambapo hakuna uamuzi safi. Aliyepita katika nyumba ile hawezi tena kuridhika na kubeba barua.

Basi Skyrim uliufundisha ulimwengu kwamba kila mahali pafikike, na The Witcher 3 ukaufundisha kwamba kila mahali pawe na maana. Masomo haya mawili hupingana kwa gharama, kwa kuwa kadiri mahali panavyozidi kuwa pengi ndivyo maana inavyozidi kuwa ghali. Lakini katika moyo wa mchezaji hayapingani hata kidogo. Yeye hupima mchezo mpya kwa ubora mmoja mmoja wa michezo yote aliyoipenda, akidai upana wa huu na kina cha ule. Kipimo hicho hakiko katika kazi yoyote iliyopata kutengenezwa. Kimeshonwa kwa vipande vya kazi nyingi, na kwa hiyo hakuna kazi moja iwezayo kukijaza.

Ahadi ya mdomo

Hadi hapa imesemwa ahadi itolewayo na mchezo wenyewe. Iko ahadi nyingine, ya mdomo, itolewayo kabla mchezo haujakamilika. Mwaka 2004 mchezo wa Fable ulitolewa Uingereza chini ya Peter Molyneux. Wakati wa kuutengeneza alikuwa ameeleza mengi, miongoni mwao kwamba mbegu ya mwaloni ikianguka itamea na kuwa mti kadiri miaka ya mchezo inavyopita. Mchezo ulipotoka ulikuwa mzuri na watu wengi waliupenda, lakini mbegu haikumea. Molyneux aliomba radhi hadharani mwaka huo huo. Miti ya michezo mingine ya wakati ule haikumea pia, na hakuna aliyeilalamikia. Kosa halikuwa katika mti. Lilikuwa katika neno. Ahadi ni deni, na mwenye kudai hatazami ukubwa wa deni bali kutolipwa kwake.

Mfano mkubwa kuliko wote ni Cyberpunk 2077, kazi ya studio ile ile ya The Witcher 3. Ulitangazwa mwaka 2012. Kwa miaka minane picha na maelezo yake yalionyesha mji mkubwa wenye uhai katika kila ghorofa. Hapa ahadi mbili zilikutana: ile ya mdomo, na ile iliyowekwa na kazi iliyotangulia, kwa kuwa kila aliyeucheza The Witcher 3 alikuwa na sababu ya kuamini. Siku ya kutolewa iliahirishwa mara tatu katika mwaka 2020, na mchezo ulipotoka tarehe 10 Desemba watu milioni 8 walikuwa wamekwisha kuulipia. Katika mashine za zamani ulikwama na kuvunjika mara kwa mara. Hata ulipokwenda vizuri, mji haukujibu kama ulivyoahidi: mchezaji alipotenda kosa, polisi walizuka mgongoni pake kama waliochipuka ardhini. Tarehe 17 Desemba kampuni ya Sony iliuondoa dukani mwake, na haukurudishwa hadi Juni 2021.

Yafaa kuangaliwa jambo moja. Sehemu nyingi za mchezo ule zilikuwa nzuri tangu siku ya kwanza: wahusika wakuu, mazungumzo, umbo la mji. Kama ungetolewa na studio isiyojulikana, bila miaka minane ya maneno, huenda hukumu ingekuwa nyingine. Kazi haikupimwa kwa kazi; ilipimwa kwa neno.

Nani hulipa

Anayefikiri kwamba haya ni mambo ya watoto na michezo yao hajatazama upande wa pili wa kioo. Mwaka 2019 wakuu wa studio ile ya Warsaw walisema hadharani kwamba hawatawalazimisha wafanyakazi wao kufanya kazi za ziada. Septemba 2020 wafanyakazi waliagizwa kufanya kazi siku sita kwa juma mpaka mchezo utoke. Ahadi kwa mchezaji na ahadi kwa mfanyakazi zilipogongana, iliyovunjwa kwanza ni ya mfanyakazi, na ya mchezaji ikavunjika vile vile. Mnunuzi naye alilipa, kwa fedha na kwa imani yake. Wenye hisa waliishtaki kampuni huko Marekani, na shauri likamalizwa kwa mapatano ya dola milioni 1.85.

Wako pia walipaji wasioonekana, nao ni studio ndogo. Mwaka 2023 studio ya Larian ya mji wa Ghent, Ubelgiji, ilitoa Baldur's Gate 3, mchezo uliojengwa juu ya kanuni za Dungeons & Dragons. Nchi yake si wazi kwa maana kamili, kwa kuwa imegawanywa katika sehemu tatu kubwa, lakini wingi wa majawabu yake ulishangaza. Mchezaji aweza kuzungumza na wanyama na hata na maiti. Aweza kumwua mtu muhimu, na hadithi ikatafuta njia nyingine. Kabla haujatoka rasmi, baadhi ya watengenezaji walionya kwamba mchezo huo usifanywe kipimo cha michezo yote, kwa sababu ulikuwa na mambo yasiyopatikana kwa wengi: mamia ya wafanyakazi, miaka mingi ya uzoefu, na karibu miaka mitatu ya kuuzwa ukiwa bado unatengenezwa, huku wanunuzi wakieleza makosa yake.

Wachezaji wengi waliikasirikia kauli hiyo. Kwao ilisikika kama mpishi mvivu anayeomba wateja wasionje chakula cha jirani. Pande zote mbili zilikuwa na haki kiasi. Watengenezaji walisema kweli kwamba gharama ya mchezo ule haiwezi kubebwa na kila mmoja. Wachezaji nao walisema kweli kwamba hawakudai ukubwa ule. Walidai kuheshimiwa, yaani mchezo uliokamilika na usioficha mipaka yake.

Mwezi mmoja baadaye ilitoka Starfield ya Bethesda, yenye sayari zaidi ya 1,000. Ilikuwa na wapenzi wengi, lakini lalamiko moja lilirudiwa sana: msafiri alitua katika sayari mbili zilizo mbali, akakuta jengo lile lile, limepangwa vile vile, hata vitu vya mezani vimekaa pale pale. Daggerfall ilikuwa imerudi baada ya miaka 27, ikiwa imevaa nguo nzuri zaidi. Wachezaji wa mwaka 1996 walisamehe mji wa ishirini na moja kwa kuwa hawakuwa wameona bora. Wachezaji wa mwaka 2023 walikuwa wamefundishwa, na miongoni mwa walimu wao alikuwamo Bethesda mwenyewe.

Mpaka ulio wazi

Je, kuna dawa? Wengine husema wachezaji wapunguze matarajio. Lakini matarajio, kama ilivyoelezwa, hayapunguzwi kwa kuombwa, kwa kuwa hayakuletwa na matakwa bali na dalili. Aliyeona mawingu haambiwi asitarajie mvua. Dawa iko kwa mwenye kutoa dalili.

Mchezo wa Kingdom Come: Deliverance, uliotolewa mwaka 2018 na studio ya Warhorse ya Jamhuri ya Cheki, ni mfano mwema. Nchi yake ni eneo dogo la Bohemia mwaka 1403. Hakuna uchawi wala mazimwi. Mhusika wake ni mwana wa mhunzi, naye hajui kusoma. Akifungua kitabu, mchezaji huona herufi zilizovurugika, mpaka mhusika atafute mwalimu na kujifunza. Mchezo huu ulitoka na makosa mengi ya programu, lakini mpaka wa ahadi yake ulionekana tangu saa ya kwanza: mchezaji aliambiwa yeye ni nani, hawezi nini, na kwa nini. Hata kutoweza kwake kulikuwa jawabu. Kitabu kisichosomeka hakikuwa picha ya ukutani. Kilikuwa kitabu kwa asiyejua kusoma.

Na deni nalo laweza kulipwa, ingawa kwa kuchelewa. Studio ya Warsaw iliendelea kuutengeneza mchezo wake kwa karibu miaka mitatu. Septemba 2023 ilitoa toleo lililobadilisha ukuaji wa mhusika na mwenendo wa polisi, likifuatwa na sehemu mpya ya hadithi, na wengi waliokuwa wameuacha walirudi. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Lakini malipo ya namna hii hayapaswi kufanywa desturi, maana aliyenunua siku ya kwanza alilipa bei kamili kwa kitu nusu.

Historia hii yote yaweza kukusanywa katika neno moja. Mchezaji hatarajii ukubwa, hutarajia jawabu. Alilizoea mezani mwaka 1974, akalionja katika mkate mwaka 1992, akalipanda mlimani mwaka 2011, na hataacha kulitafuta. Kila mchezo mkubwa humjibu swali moja ambalo mtangulizi wake aliliacha, na kwa jawabu hilo humpa ujasiri wa kuuliza jingine. Hiyo ndiyo fahari ya sanaa hii, na ndiyo mzigo wake. Mtengenezaji mwenye busara hatajaribu kujibu kila kitu, kwa kuwa mtaka yote hukosa yote. Ataamua ni maswali gani ulimwengu wake utayajibu, atayajibu kwa ukamilifu, na ataonyesha mapema mahali ambapo majawabu yanakoma. Bao halina mto, na halijawahi kuficha hilo. Ulimwengu wa kubuni waweza kuwa na mto, na mlango, na mlima. Lakini kama mlango si wa kufunguliwa, ni heri uwe ukuta.